Krismasi yangu ilivyoondoka na ua la urefu wa kalamu

Krismasi hii wakati nyie mnatuma picha za pilau mimi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee usiku kucha nageuza wazee na kubadilisha mashuka, na hakuna bosi aliyenilazimisha, nilikuwa nalipa deni. Mwezi wa nne nilimwomba jamaa mmoja Mghana tunayefanya naye kazi anishikie shifti ya Ijumaa usiku, akaniuliza vipi, msiba? Nikamwambia hapana, nina maua nayapeleka kwenye mashindano. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akasema sawa ndugu yangu, ila siku ya kunilipa nitaichagua mimi. Miezi minane hakugusia kitu, nikajua kasahau. Desemba imeanza tu huyoo anakuja na tabasamu.

Basi wacha nieleze, maana hata wife ilimchukua muda kuelewa.

Dafodili ni yale maua ambayo huku Marekani yanachomoza theluji ikianza kuisha, petali sita halafu katikati kuna kikombe, ukiliangalia vizuri ni kama kikombe cha kahawa kimekaa kwenye kisahani. Yale makubwa kila mtu anayo, yamejaa barabarani. Mimi naongelea yale madogo, ambayo ua zima halizidi sentimita 5 kwa upana, na kuna mengine ukiliweka juu ya sarafu ya shilingi mia mbili linaenea kabisa. Mababu zake ni maua ya porini ya milimani huko Hispania, Ureno na Moroko. Ndiyo, Moroko. Kuna moja jeupe pee linaitwa Narcissus watieri asili yake ni milima ya Atlas, nikiwaambia watu kazini kwamba hili ni ua la Afrika wanadhani nimeanza zile sifa zangu za Tanga.

Nilianza kwa kuokota jalalani, sio siri. Kila Pasaka ndugu za wazee wanaleta vichungu vya maua, wiki mbili baadaye yakinyauka yanatupwa yote na udongo wake. Mwaka huo nilikuwa natoa taka saa kumi na moja alfajiri, nikaona vichungu kama sita vina majani mabichi kabisa, nikaona huu ni ufujaji, bibi yangu Muheza angenichapa. Nikabeba mpaka nyumbani, nikaweka kwenye balkoni, nikasahau. Nilisahau kweli kweli, kiangazi kizima sikumwagilia hata tone. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nikatoka kuvuta hewa baada ya shifti, nakuta maua.

Kumbe kusahau ndo matunzo yenyewe! Hilo ua likimaliza kuchanua majani yanaendelea kula jua wiki sita hivi kujaza kitunguu chake, yaani kile kiazi cha chini ya udongo kinachofanana na kitunguu cha jikoni, halafu yanakauka na kitunguu kinalala pakavu mpaka msimu wa kupanda. Ukikimwagilia sana wakati kimelala kinaoza. Sasa mtu kama mimi, usiku wazee, mchana nalala, wikiendi namhudumia mgonjwa mwingine nyumbani kwake kwa sababu ada za watoto hazilali, mimea ya kawaida yote iliniishia mikononi, hata ile wanayosema haifi. Hili ua lenyewe linalala miezi mingi kuliko mimi. Nikasema hapa tumepatana.

Yale ya jalalani yanaitwa Tête-à-Tête, jina la Kifaransa la watu wawili wanaopiga stori pembeni, maana mara nyingi bua moja linabeba maua mawili yametazamana kama yanasengenya. Aliyelipata ni bwana mmoja wa Cornwall, Uingereza, Alec Gray, na mbegu zilikuwa tatu tu kwenye ganda moja, zote tatu zikawa maua yenye majina mpaka leo, hilo na Jumblie na Quince. Mbegu tatu! Nikisoma habari kama hizo usiku wa manane wazee wamelala ndo nazidi kuharibikiwa.

Kilimo chake nitasema haraka maana hakina mengi. Unapanda mwezi wa kumi hivi, unakifukia chini mara mbili tatu ya kimo cha kitunguu, udongo changanya na vikokoto maji yapite, halafu acha nje baridi ikipige. Bila wiki nyingi za baridi hakuna ua, ndo maana mama akiniambia nimletee Tanga nambembeleza tu. Kindi hawali vitunguu hivyo, hawa swala wa huku waliomaliza kila kitu kwa jirani wa chini hawaligusi pia, maana ni sumu.

Na hiyo sumu nusura inipe kesi. Vitunguu vyake vikishalala navitoa na kuvitundika kwenye nyavu zile zile za vitunguu, nikavitundika jikoni, pakavu si ndio? Shemeji yangu kaja kututembelea kutoka Ohio, mkarimu, kaamua apike, narudi asubuhi namkuta na kisu na kibao anamenya vitu vyangu vya kachumbari. Nilipiga ukelele majirani wakagonga mlango. Ukila hivyo unatapika vibaya, na kilichoniuma zaidi, Mungu anisamehe, ni kwamba alishamenya Jumblie nne. Siku hizi vinakaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati, limeandikwa SUMU kwa Kiswahili, Kiingereza na mchoro wa fuvu.

Lakini sumu hiyo hiyo. Kazini kwetu wengi wana ugonjwa wa kusahau, na kuna kidonge baadhi wanapewa kinaitwa galantamine. Mimi siruhusiwi kugawa dawa, nesi ndo anagawa, mimi nashika glasi ya maji. Siku moja nesi ananielekeza kidogo kuhusu dawa hiyo, akasema kiini chake kinapatikana kwenye dafodili, na kule Wales kuna wanaozilima milimani ili waitoe. Haiponyi, inawapunguzia kidogo baadhi yao kwa muda. Nilirudi kwenye balkoni asubuhi ile nikakaa na zile njano mbili zinazosengenya nikashindwa kwenda kulala.

Sasa mashindano. Wazungu wana mashindano ya kila kitu, ila haya yananoga. Ua moja moja linasimamishwa kwenye kichupa chembamba, jaji anapita na alama mia. Wenyewe wa American Daffodil Society, chama cha dafodili cha huku, wamegawa hivi, hali ya ua 20, umbo 20, uimara wa petali 15, rangi 15, namna lilivyokaa shingo 10, bua 10, ukubwa 10. Na lazima ujue jina, na kundi lake kati ya makundi 13, na rangi kwa herufi, kwa mfano Segovia ni kundi la 3 W-Y, petali nyeupe kikombe njano. Mwaka wa kwanza nilipeleka ua kutoka kwenye paketi iliyoandikwa Minnow. Minnow ni maua kadhaa kwenye bua moja, petali zimepauka. Langu lilikuwa moja, njano kama embe. Aliyeniuzia sijui alikuwa anafikiria nini na mimi sijui nilikuwa natazama wapi. Jaji kaandika kikaratasi kwa upole kabisa kwamba jina sio, basi, ua likakaa pale bila chochote, kama mtu kaja harusini bila kadi.

Mwaka wa pili nikajipanga. Tatizo ni kalenda. Ua linalala miezi yote lakini likiamka linakutaka wewe hizo wiki tatu tu, na joto likija mapema yote yanachanua kabla ya shoo, ikibidi unakata na kuyahifadhi kwenye friji, yanakaa hata wiki mbili. Ila matunda yakae mbali, ndizi na tofaa zikiiva zinatoa gesi inayazeesha maua. Ndizi zetu zikahamia juu ya mikrowevu, zikaiva siku mbili, wife akapika mkate wa ndizi ananikata jicho. Anyway. Shoo Jumamosi, mwisho wa kuingiza maua saa nne asubuhi, mimi natoka shifti saa moja. Hesabu inakubali si ndio? Nikaweka maua kwenye deli ndani ya gari tangu usiku, nikatoka kazini moja kwa moja na sare zangu, nikafika kwenye parking ya shoo saa mbili na nusu, nikasema nifumbe macho dakika tano tu nipate nguvu ya kuandika kadi.

Nimeamka saa nne na robo.

Niliingia hivyo hivyo nikazunguka meza nikatazama ya wenzangu, kuna aina inaitwa Hawera, ya mtu mmoja ilikuwa na vichwa sita vimeinama kama wanafunzi wameulizwa nani kavunja kioo, na yangu iko kwenye deli ina saba. Saba! Sikumwambia mtu.

Ndo hapo mwaka wa tatu nikaenda kwa Mghana. Ijumaa nzima nilikuwa nyumbani, mara ya kwanza baada ya sijui lini. Usiku nikaanika vichupa mezani, brashi laini ya kuchorea, vijiti vya pamba vya masikio, unafuta vumbi la chavua kwenye petali, unageuza shingo taratibu mpaka petali moja isimame juu kabisa kama mshale wa saa uko kwenye kumi na mbili, na jina unaandika kwa kalamu juu ya bua lenyewe usije ukachanganya. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, nikamwachia Segovia zote. Akaniuliza baba, hivi huwa uko nyumbani Ijumaa? Nikamwambia shika kijiti vizuri.

Segovia yake, nasema yake, ikapata utepe wa bluu kwenye kundi la wanaoanza. Huku bluu ndo ya kwanza, nyekundu ya pili, msishangae. Hawera ikapata njano, ya tatu, bua lilipinda kidogo na sikuliona. Tukapiga picha. Halafu mama mmoja wa pale mezani akanipongeza na kunieleza kwamba ukishapata bluu hauruhusiwi tena kwenye kundi la wanaoanza. Yaani nimeshinda nikafukuzwa. Mwaka huu naingia na wazee ambao wamekaa na haya maua miaka thelathini, wana bustani, wana watoto wamekua, wengi washastaafu, Ijumaa yao ni kama Jumanne.

Saa hizi naandika nje ni digrii hasi, vichungu 22 viko kwenye balkoni na vitatu vimeshatoa pua. Ratiba ya kazi ya mwezi wa nne bado haijatoka. Nimeanza kumpelekea yule Mghana chapati.