Jinsi Nilivyoifuga Slaisi Yangu

Miaka minne nilipigana na slaisi yangu, ule mpira wa gofu unaopinda pembeni bila kuombwa. Mwaka wa tano nikaifuga, na tangu hapo handikapu yangu, yaani mapigo ya ziada ninayosamehewa (yakipungua ndivyo ninavyozidi kuwa mchezaji), imeshuka kutoka 24 hadi 15. Natanguliza namba hizo kwa makusudi, maana wapo mabwana wawili watatu watakaoyasoma haya, na ningependa wazione kabla hawajaanza kunipa ushauri mwingine.

Mimi ni mtu wa bandarini, kazi yangu kuhangaikia makontena ya watu, na gofu naicheza hapahapa Mombasa, mashimo 9 juu ya miamba, bahari chini yako. Kwingine mpira ukipotea huingia kichakani, unajifanya unautafuta zile dakika tatu za sheria, heshima yako inabaki. Kwetu kila mtu anauona ukivuka ukingo na kushika njia ya India.

Kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia, slaisi ni mpira unaoanza vizuri kisha ukapinda kulia kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha jiko linawaka. Nikicheza kuelekea kaskazini, kulia ndiko kuliko bahari. Msimu wa kusi upepo unatoka majini, unanirudishia mpira nchi kavu, nami nikawa naamini nimeshajua kupiga. Ikija kaskazi, Disemba hadi Machi, upepo unakupiga usoni, na upepo wa usoni huukuza kila mpindo. Slaisi ya yadi 20 inakuwa ya 40. Januari moja nilimaliza mipira 14 katika raundi mbili, na Jumapili iliyofuata nikaununua mpira mmoja wangu mwenyewe, wenye nukta zangu tatu za kalamu nyekundu, kwa kijana mmoja anayeshuka kuokota maji yakipwa. Shilingi mia. Nikamwambia huu ni wangu. Akaniambia, "Najua, Mzee. Ndiyo maana nimekuwekea."

Ushauri haukukosekana. Inua kiwiko. Shusha kiwiko. Tazama mpira (niliutazama vizuri sana, hadi ukitumbukia). Kocha mmoja, ambaye simtaji, aliniambia dawa ni moja tu, nijifunze droo, yaani mpira unaopinda kushoto, kwani unakwenda mbali zaidi na ndio mpira wa wanaume. Kila saa yake elfu mbili na kitu, ukijumlisha ndoo za mipira ya mazoezi, mke wangu alianza kuuliza kama nimeoa tena. Miezi mitatu napindua mikono, nazungusha viganja, natupa fimbo kutoka ndani kwenda nje. Kwenye mazoezi, katika mipira kumi, minne ilitoka droo safi hadi nikawa natafuta nani ananiona. Ile sita sikuihesabu, na hapo ndipo ujinga wangu wote ulipokuwa.

Siku ya mashindano ya mwisho wa mwezi, watu wamejaa barazani, chai na mahamri mkononi. Nikapanda tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia. Kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa droo, nikajipanga nikitazama kulia kabisa, baharini, nikitegemea mpira ujirudi wenyewe. Nikapiga kwa mdundo mzuri kuliko yote ya maisha yangu. Ukaenda moja kwa moja. Haukupinda hata chembe. Mara yangu ya kwanza kunyoosha mpira kwa dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, nami nimeuelekeza majini!

Nikaomba mpira wa pili. Safari hii nikasema nitaipindua mikono kweli. Hapo ukazaliwa ule ugonjwa mwingine ambao wenye gofu lao wanauita huku (hook ya Kiingereza), na wala hawakukosea jina: wewe unatazama kule, mpira unakwenda huku. Ukatoka chini chini, ukakata kushoto, ukapita juu ya makedi, vijana wetu wa kubeba fimbo, waliokaa chini ya mwarobaini, wote wakalala kifudifudi kama wamesikia bunduki, ukaenda kugonga tangi la maji. Ngoma ya harusi ina mlio mdogo kuliko ule. Wa tatu nilipiga kwa chuma namba saba, fimbo fupi, kwa adabu. Shimo lile nikaandika 10.

Tukiwa tunatembea, kedi wangu, kijana wa Likoni asiyependa maneno, akaniambia: "Bosi, leo umepiga pande zote za dunia." Nikanyamaza. Tukafika shimo la tatu akaongeza: "Zamani ulikuwa unapiga upande mmoja tu. Nilikuwa najua pa kusimama."

Kauli hiyo nilikwenda nayo nyumbani. Ile droo ya elfu mbili kwa saa haikuwa imeiondoa slaisi. Iliiletea mwenzake. Kabla ya hapo nilikuwa na adui mmoja, kulia. Sasa nina wawili, na sijui nani atatokea. Feawei, ule ukanda wa majani yaliyokatwa tunaoulenga, ina upana wa yadi 40, tuseme. Mtu anayepotelea pande zote akilenga katikati, ana yadi 20 za kukosea kila upande. Mtu anayejua mpira wake haupindi ila kulia akilenga ukingo wa kushoto, ana zote 40. Hesabu ya darasa la nne, lakini ilinichukua mwaka wa tano kuifanya.

Mzee mmoja tunayecheza naye, mstaafu, alipoona nimeanza kuelewa akanipa historia. Ben Hogan wa Marekani, akasema, ile huku ya kukata kushoto ilikaribia kumfukuza kwenye gofu. Akaiacha, akahamia fedi, ule mpira unaopinda kulia kidogo kwa heshima, na mwaka 1953 akachukua mataji makubwa matatu. Bobby Locke wa Afrika Kusini alikuwa kinyume chake, kila mpira wake ulitoka kulia ukarudi kushoto, watu walimcheka, naye akachukua taji la Uingereza mara nne. "Mwanangu," akasema, "hakuna aliyeandika kwenye kadi mpira ulipinda vipi." Na fedi ni nini? Ni slaisi iliyokwenda madrasa.

Basi nikaamua: kulia ni kwangu, ila ipunguzwe. Kuipunguza ndiko nilikojivunia, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu.

Nilichukua poda ya mtoto, nikaitia maji kidogo, nikaupaka uso wa dreva, nikauacha ukauke. Fimbo ikawa kama bibi harusi aliyepakwa liwa. Nikapiga mpira mmoja, nikatazama. Alama iko kwenye kisigino, yaani upande wa karibu na mpini. Nikapiga wa pili: kisigino. Kumi, na minane kati yake ni kisigino. Miaka minne naambiwa habari za viwiko, na hakuna aliyewahi kuutazama uso wa fimbo! Kichwa cha dreva kikigongwa kisiginoni hujizungusha, na kule kujizungusha kunautia mpira mzunguko wa kulia, hata kama ulizungusha fimbo sawasawa. Ukigongwa nchani, unatiwa wa kushoto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya slaisi yangu haikutoka mikononi kabisa. Ilitokana na kusimama karibu mno na mpira. Nikarudi nyuma upana wa vidole vitatu hivi, nikaanza kuuweka mpira mbele ya ncha ya fimbo badala ya katikati, kwa kuwa nikishuka nasogea mbele. Wiki mbili za poda, mwanangu akakosa ya kujipaka, na ile yadi 40 ikawa kama 15. Gharama yake ni kopo moja la poda, na ugomvi mmoja.

Kilichobaki ni mpira uanzie wapi. Zamani ilifundishwa kwamba mpira unaanzia kule fimbo inakopita, kisha unapindia kule uso unakotazama. Mashine za rada zikaja kuonyesha kuwa ni karibu kinyume: kwa dreva, uso wa fimbo ndio unaoamua zaidi ya robo tatu ya mwanzo wa safari, na mpindo unatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Kwa hiyo yule anayekwambia "fungua uso uelekee shabaha, utapata fedi" anakutuma ng'ambo ya pili: mpira utaanza kwenye shabaha na kutoka hapo uende kulia. Mimi miguu na mabega naelekeza kushoto, uso naelekeza kushoto pia, lakini kidogo kuliko miguu. Nilichomeka ufito mita tatu mbele ya tii, ukiwa sawa na shabaha, nikajiwekea sharti kuwa kila mpira upite kushoto ya ufito. Ukipita kulia, hata ukitua katikati ya feawei, sihesabu. Kedi ndiye alikuwa hakimu, na alikuwa hakimu mkali.

Lingine dogo: chomeka tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, upande wa kulia kabisa wa uwanja wa kuanzia, usisimame katikati kama umepangwa na serikali. Ukiwa kulia unaitazama feawei kimshazari, ukiipa bahari mgongo. Nalenga mbuyu ulio ukingoni kushoto, na mbuyu hauhami.

Yadi 15 hivi nimepoteza, sikatai. Kaskazi ikivuma sana dreva inabaki mfukoni, natoa mbao namba tatu, fimbo fupi kidogo kuliko dreva. Na hatari ya fedi ninayo, ile ya kulenga kushoto halafu mkono ukapinduka wenyewe, mpira ukaenda kushoto ya kushoto. Hunitokea nikiharakisha, na hunitokea zaidi yule kocha akiwa barazani. Jumamosi iliyopita tangi la maji lilipigwa tena. Makedi siku hizi wamehamisha kikao chao, wanakaa nyuma ya ukuta.

Kijana wa maji kupwa naye alinisimamisha wiki iliyopita, akauliza kama nilisafiri. Na lile shimo linalopinda kushoto, ambalo watu wa droo wanalifurahia, mimi natoa chuma namba tano, napiga hadi kwenye kona, nasikia vicheko nyuma yangu, naandika 5 yangu, natembea.