Bundi, Bata na Tetemeko la 2007

Mama yangu hakupenda kabati la vioo. Katika nyumba nyingi za Arusha tulizokuwa tukienda kutembea, vyombo vizuri vilifungiwa humo na ufunguo ukakaa kwenye pochi ya mama mwenye nyumba. Yeye alitaka vitu vyake vionekane na vishikwe. Alimpa fundi wa Ngarenaro kazi ya kuchonga shelfu refu la mninga, akalipigilia sebuleni kwetu Sakina, na juu yake akapanga wanyama wake wa kauri.

Aliwapata kwa wageni waliokuwa wanahama. Miaka ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, na aliyemaliza mkataba wake aliuza vitu vya nyumbani kabla ya kupanda ndege. Watu waligombania friji na magodoro. Mama alipita kando, akachutama kwenye maboksi ya vitu vidogo, akageuza kila kimoja kutazama muhuri wa chini. Ndivyo alivyopata bata watatu wa kiwanda cha Beswick, wale wa kutundika ukutani wakiwa wanaruka, mkubwa, wa kati na mdogo, waliofinyangwa Longton huko Uingereza. Ndivyo alivyompata pia kuku anayeatamia, ambaye mgongo wake ni kifuniko na kiota chake ni bakuli.

Hazina yake kubwa ilikuwa mbwa wawili wa kauri wa Staffordshire, jimbo la Uingereza la wafinyanzi. Mbwa wa namna ile walitengenezwa kwa jozi katika karne ya 19, wakae pande mbili za meko wakitazamana. Migongo yao ni bapa na haina rangi, kwa sababu ilikusudiwa kuegemea ukuta. Ukiwasogeza karibu na macho unaona mnyororo wa dhahabu shingoni, na kwenye mnyororo kuna kufuli dogo lisilozidi ukucha wa mtoto. Nyuso zilichorwa kwa mkono. Wa kushoto alikuwa na nyusi zilizopanda kidogo, wa kulia ametulia, na mimi nilikuwa naamini kwamba wanajuana.

Halafu kulikuwa na bundi. Mzito, wa kahawia, macho ya manjano. Bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Marangu kukaa nasi akamwona siku ya kwanza tu, akahamisha kiti chake ampe mgongo.

"Mwanangu, bundi ndani ya nyumba?"

"Ni udongo tu, mama," alijibu mama.

Bibi hakusema zaidi, lakini kiti hakikurudi mahali pake.

Julai 2007 ardhi ikaanza kutikisika. Chanzo kilikuwa mlima Gelai, kaskazini yetu, karibu na Ziwa Natron, ambako uji wa moto wa miamba ulikuwa unajipenyeza chini ya ardhi. Jioni ya tarehe 17 likaja kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, hata Nairobi watu walikimbia kutoka kwenye majengo. Sisi tulikuwa sebuleni. Taa ilianza kuyumba, kisha nikasikia kauri ikigongana na kauri, mlio mwembamba wa harakaharaka. Baba alimshika bibi mkono, tukatoka wote uani.

Tuliporudi ndani, bata wa kati alikuwa amelala kwenye kochi, mzima. Mbwa walikuwa wametembea hadi ukingoni mwa shelfu, wa kulia kidole kimoja tu kabla ya kudondoka. Kifuniko cha kuku kilikuwa vipande sakafuni. Niliokota kimoja. Juu kiling'aa chekundu na cheusi, lakini pale kilipovunjika udongo ulikuwa mweupe na mkavu, unaacha unga kwenye vidole.

Bundi hakuwa amesogea hata kidogo.

"Mmeona?" bibi alisema. "Wenzake wote wameyumba, yeye katulia. Huyu anajua jambo."

Nilikuwa kidato cha tatu, nimefundishwa kwamba bundi ni ndege anayetusaidia kwa kula panya, na nilitaka mama aseme hivyo. Hakusema. Usiku ule alimfunga bundi kwenye khanga, akampeleka kwenye chumba chake cha kushonea, ambako bibi hakuwa na shughuli. Niliona mama ameonewa. Leo naona alifanya sawa kabisa: sebule ile ilikuwa ya bibi pia, na mtu hawezi kupumzika akiwa amekipa kitu mgongo.

Majirani walimshauri awafungashe wengine wote kwenye boksi. Hilo alilikataa. Mbwa ni watupu ndani, na chini wana tundu dogo la kutolea hewa ya moto wakati wa kuchomwa tanuruni. Alikunja karatasi ikawa faneli, akamimina mchanga mkavu uliochekechwa mpaka wakawa wazito chini, akaziba kwa nta ya nyuki. Kisha akalainisha nta nyingine vidoleni, akaweka vigololi chini ya kila mnyama na kumkandamiza kwenye mbao. Ukimsukuma hasogei, ukitaka kumtoa unamzungusha taratibu anabanduka. Kiota cha kuku kilibaki kuwa bakuli la pipi za wageni.

Ikabaki kuwarudisha bata, safari hii kwa skrubu badala ya misumari. Bibi alikuja akasimama nyuma yetu, kiti chake kikiwa tayari kimegeuka.

"Hawa wanaruka kwenda wapi?"

Mama alitazama dirishani kupata mwelekeo. "Wanaelekea Monduli, mama."

"Bata watatafuta nini Monduli na ukame ule? Wageuze waende kwetu."

Bata wale hawageuziki, kwa kuwa upande mmoja ni bapa. Njia pekee ilikuwa kuwahamishia ukuta wa pili, ule wa kusini, hapo wangeelekea mashariki, Marangu. Tulisogeza kochi. Baba alitoboa ukuta, mama akashika bata, na bibi akashika kopo la skrubu akielekeza: huyu shusha, huyu acha hapohapo.

"Huyo mdogo mmemweka mbali mno na wenzake," alisema. "Msogezeni."

Tundu lilikuwa limeshatobolewa. Baba akatoboa jingine.