Krapi wa majini yaliyotibuka: nilivyoacha kuchagua rangi kwa mazoea ya Kigoma

Nimekulia Kigoma, kando ya ziwa ambalo asubuhi tulivu unainama kwenye mtumbwi unayaona mawe ya chini na samaki wanaoyazunguka. Kwa hiyo nilipohamia Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani, na mwenzangu wa kazini akanialika kuvua Barren River Lake mwezi wa nne, nilienda kwa maringo. Kufika ukingoni, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Lile ni bwawa, lilijengwa miaka ya 1960 kuzuia mafuriko. Wakati wa baridi hupunguzwa maji, kisha majira ya kuchipua hujazwa tena, na mvua za wakati huohuo hushusha udongo wa mashambani. Hapo ndipo krapi wanaposogea kwenye kina kifupi kutaga, maji yakikaribia nyuzi 60 za Fahrenheit, yaani kama 16 za Selsiasi. Wenyeji hawahitaji kipimajoto. Mti wa dogwood ukichanua, wanatoa fimbo stoo. Krapi ni samaki bapa mwenye madoa. Wako weupe na weusi, na weupe ndio wanaovumilia tope zaidi.

Nilikata leseni, nikanunua jigi, vile vindoano vyenye kichwa cha risasi na mkia laini wa plastiki. Nilichagua za fedha na buluu kwa sababu zilifanana na dagaa. Dagaa, Kentucky! Jumamosi tatu nikapata samaki wawili, na mmoja nilimrudisha kwa udogo wake.

Hatua chache kutoka kwangu mzee mmoja alikuwa kwenye kiti cha kukunja, anatoa tu. Nilimeza kiburi nikamwendea. Hakunitajia rangi. Aliniambia niishushe jigi nyeupe pale ukingoni, nitazame inapotelea wapi. Ilipotea kabla mkono haujazama kufikia kiwiko.

"Basi na samaki naye haoni mbali," akasema. "Wewe unamwonyesha fedha gizani."

Maneno hayo yalinifungua macho. Rangi ya fedha haina mwanga wake, inategemea jua lifike. Tena kwenye maji maangavu kama ya Tanganyika, wekundu ndio hufifia mapema na buluu ikaenda chini sana. Maji ya tope yana mambo yake: chembe za udongo na majani yaliyooza hula buluu kwanza, na kinachopenya mbali kidogo ni njano, kijani na rangi ya chungwa. Jigi zangu za buluu huko chini zilikuwa kijivu tu.

Mwaka uliofuata sikutaka kubahatisha. Nilichukua fimbo mbili, jigi za uzito mmoja, gramu mbili hivi, kina kilekile chini ya kiboya, tofauti ikiwa rangi peke yake. Kila nusu saa nilizibadilishana upande, na kila samaki nikampigia mstari kwenye kalenda ya jikoni. Mchana wa jua ilishinda kijani-njano ile inayowaka kama kizibao cha bodaboda. Alfajiri na siku za mawingu ilishinda nyeusi yenye mkia wa hiyo kijani-njano. Hiyo nyeusi nilichelewa kuiamini. Nani anatafuta kitu cheusi kwenye giza? Kumbe macho ya krapi yanatazama juu, na chakula kingi hukifuata kutoka chini. Kitu cheusi kikiwa na anga nyuma yake hujichora vizuri, na ule mkia unaowaka unakatana na mwili mweusi. Nikaacha kabisa kuuliza jigi inafanana na samaki gani. Jigi za rangi ya waridi niliuziwa pakiti nne. Iko siku inashika, lakini siwezi kuisifia.

Rangi yenyewe, hata hivyo, sikuipa cheo cha kwanza. Nilikuwa naning'iniza jigi mita moja na nusu chini, wakati samaki wamejibanza kwenye vichaka vilivyofunikwa na maji, futi mbili tu. Nilipopandisha, hata rangi mbaya zilianza kushika. Mkia uliopinda kama mundu nao unasaidia, kwa kuwa unatikisa maji na samaki anausikia mwilini kabla ya kuuona. Halafu mdomo wa krapi ni kama karatasi. Usivute kwa nguvu. Mimi nilivuta, mbele ya mwanangu, mdomo ukachanika na samaki mkubwa akaondoka zake. Mtoto anaisimulia kwa kila mgeni.

Siku hizi nikifika, kabla ya kufungua mfuko nashusha ile jigi nyeupe. Ikipotea kabla ya kiwiko, nafunga nyeusi au kijani-njano kutegemea mawingu. Ikionekana zaidi ya nusu mita, nyeupe yenyewe inabaki kwenye mshipi. Wale ninaopata tunawakaanga wazima. Mwenzangu hutoa minofu na kutupa vichwa, jambo ambalo sijalielewa hadi leo, na sasa vichwa vyote ananiwekea kwenye ndoo.

Zile za buluu sikuzitupa. Mwezi wa kumi mwaka jana mvua ilikuwa imekatika wiki kadhaa, maji yametulia, nyeupe ikaenda chini hadi nikachoka kuitazama. Nikafunga buluu na fedha. Kabla ya saa nne asubuhi ndoo ilikuwa na krapi watano.