Nilivyomrudisha baba kwenye mazungumzo

Baada ya mama kufariki tulimtoa baba Voi, tukamleta kwangu Donholm, Nairobi. Goti lilikuwa linamsumbua, shamba limemshinda, na hatukutaka aendelee kukaa peke yake. Nikampa chumba chenye dirisha kubwa, chai ya saa nne, na dawa za presha kwa wakati wake. Hata hivyo mzee aliyekuwa hakauki maneno akawa mtu wa "ndiyo" na "ahsante, mwanangu". Anaamka, anaketi mbele ya televisheni, jioni anarudi kulala. Nilipomuuliza anawaza nini, alinijibu, "Niwaze nini tena? Yangu yalishakwisha."

Neno hilo lilinichoma. Tangu hapo nikaanza kuwaona wazee wenzake mtaani kwetu, wameketi kwenye roshani za fleti wakitazama magari yakipita. Wana chakula, wana nguo safi, watoto wao wanawajali. Shida ni kwamba kutwa nzima hakuna anayewauliza jambo ambalo jibu lake analihitaji kweli.

Mlango ulifunguliwa na mwanangu wa gredi ya saba. Alikuwa amepewa kazi ya somo la jamii kuhusu usafiri wa zamani, akaniletea mimi kama kawaida. Nikamwambia, "Hapa mimi sijui kitu. Mwenye kujua ni babu yako." Na ni kweli. Baba aliajiriwa na reli mwaka 1964 akiwa kijana, akawa mchochea moto, fayaman kama wanavyojiita wenyewe, kwenye treni za mvuke za Nairobi na Mombasa. Kijana akamwendea na daftari. "Babu, ile treni mlikuwa mnaiwashaje?"

Baba akachukua rimoti akazima televisheni.

Alianza kwa kumsahihisha mjukuu wake, aliyekuwa tayari ameandika "makaa ya mawe". Injini zao kubwa, alisema, zilichoma mafuta mazito. Mafuta hayo huacha masizi kwenye mabomba ya boila, na masizi yakijaa mvuke unapungua, treni inakwama mlimani na mizigo yote. Basi fayaman alikuwa na ndoo ya mchanga. Dereva akifungua mvuke vizuri, yeye huchota mchanga kwa koleo na kuutupa ndani ya tanuri. Ule mvuto wa hewa unaubeba mchanga mabombani, unasugua masizi yote, na wingu jeusi linafumuka juu kwenye bomba la moshi. "Kama mkeo ameanika nguo karibu na reli, siku hiyo huli nyumbani," akasema, na akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu matanga ya mama.

Kuanzia siku hiyo nikajua pa kumshikia. Tulimpeleka kwenye makumbusho ya reli, yale yaliyo karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi. Pale imewekwa injini nambari 5918, Mount Gelai, ya lile kundi la injini 34 zilizoundwa Manchester na kuletwa huku miaka ya hamsini, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Baba aliisoma nambari kwa mbali kabla yetu. Tulimsaidia kupanda, goti na yote, na alipofika juu akaketi upande wa fayaman bila kuonyeshwa. Akamwita mjukuu wake, akaweka kidole kwenye kioo cha kupimia maji. "Hapa ndipo macho yako yanapokaa. Moto unaweza kuusamehe. Maji usiyachezee, yakishuka chini ya hapa mnalipuka nyote." Familia nyingine iliyokuwa inapiga picha ikasogea kusikiliza, na mama mmoja akamuuliza swali kuhusu breki. Akamjibu kwa kirefu, kama mwalimu.

Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mtu wa umri mkubwa kuyapitia upya maisha yake ni kazi ya kawaida ya umri huo, na inaweza kumsaidia kupatana na aliyoyaishi. Wakati ule wengi walidhani mzee anayerudia ya zamani akili yake inachoka. Nakubaliana naye kabisa. Ila kwa niliyoyaona nyumbani naongeza kwamba kusikilizwa kwa heshima peke yake hakumtoshi mzee. Uso wa baba ulibadilika alipoona mtoto anaandika anachosema, na baadaye mwalimu akatuma salamu kwamba darasa zima limesomewa.

Butler pia alitahadharisha kwamba mapitio hayo huweza kuamsha majuto na huzuni. Yalitukuta. Nilikuwa nimeanza kumrekodi kwa simu jioni, watoto wakishalala, tukafika mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli nalo liligawanywa, kila nchi ikachukua lake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Baba alikuwa na rafiki wa Moshi, dereva wake wa miaka mingi, jirani yake kwenye nyumba za reli za Makongeni. Aliondoka na familia yake kwa haraka. "Toka kwetu Voi mpaka kwake ni reli moja, inapitia Taveta," baba alisema. "Reli moja! Na sikumuona tena." Akanyamaza, machozi yakamtoka.

Sikumwambia anyamaze, wala sikumwambia yamepita. Nilizima simu nikaketi naye. Siku zilizofuata sikuligusa jambo hilo, mpaka mwenyewe akaniambia, "Leta ile simu, sikumaliza habari ya yule bwana." Akanieleza habari zake kwa saa nzima: alivyoendesha, alivyopenda ndizi za nyama, wimbo aliokuwa akiuimba wakikaribia Mtito Andei.

Kwa anayetaka kujaribu na mzazi wake, mimi nimeona kazi ndiyo mlango mzuri. Ukimwambia mzee "nisimulie maisha yako" atakwambia alizaliwa, akaoa, basi. Muulize kitu fulani kilifanywaje: dawa ya ng'ombe ilichanganywa vipi, mshahara ulilipwa wapi, foleni ilikuwa ndefu kiasi gani. Mpe kitu ashike mkononi, hata picha au kitambulisho cha zamani. Akikosea mwaka, mwache, utauangalia baadaye. Baba yangu ya reli huyasema kwa Kiswahili na ya utotoni kwa Kitaita, na nimejifunza kutomrudisha kwenye lugha ninayoielewa vizuri zaidi. Na muulize nani aruhusiwe kusikia. Kuna rekodi mbili ambazo baba amesema ni za watoto wake tu, na zitabaki hivyo.

Habari zilienea. Jirani yetu, mkunga mstaafu aliyefanya kazi hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa miaka mingi, alimwambia baba kwamba yeye naye ana ya kusema, na sasa Jumamosi alasiri wanakaa kwenye kivuli karibu na geti pamoja na wazee wengine wa mtaa. Wasichana wawili wajawazito hapa kwetu huja kumsikiliza yule mama, na maswali wanayomuuliza mimi singethubutu kumuuliza mama yangu. Wapo pia wazee wanaokuja na hawasemi kitu. Hakuna anayewalazimisha.

Rekodi za baba za miaka ya reli nimeziandika zote, nikapeleka saiba wakazichapa na kuzifunga kama kijitabu. Nakala nyingi alizopewa amezituma Voi, kwa ndugu zake na kwa vijana wa kanisani. Moja ameiweka kando kwa ajili ya Moshi, kwa sababu kaka yangu anafanya biashara Taveta na ameahidi kuulizia watoto wa yule dereva. Wakati tunasubiri, baba ameshapitia kijitabu kwa kalamu nyekundu na kuniambia nimeruka stesheni mbili kati ya Kibwezi na Voi, kwa hiyo wiki hii tunarekodi sehemu hiyo upya.