Mkato kwanza, picha baadaye

Mwanafunzi wa usanifu majengo akiambiwa atafute majengo ya rejea, mara nyingi huleta picha za nje. Naona hapo ndipo ubunifu unapokwama: jicho likishashika sura, mkono hukataa kuchora kingine.

Chukua shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoisanifu Diébédo Francis Kéré, ikakamilika mwaka 2001. Pichani unaona paa la bati lililoinuliwa juu ya kuta, na ndilo litakaloigwa. Chora mkato wake sasa, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima toka paa hadi sakafu. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Juu yake kuna mihimili ya zege, kisha nondo zinazobeba dari ya udongo yenye matundu ya hewa. Bati limekaa juu kabisa, limebebwa na kenchi za nondo nyembamba. Jua linapolichoma, joto halishuki moja kwa moja darasani. Hewa moto hupanda, hupenya darini na kutokea pembeni, na nyingine huingia madirishani. Paa limetokeza nje ili kuta zipate kivuli na mvua isizile. Kumbe siri yote iko kwenye ule uwazi kati ya dari na paa!

Ndiyo maana napendelea mwanafunzi achore upya kwa mkono, kwa skeli ya 1:50 (sentimita moja ya mchoro ni sentimita hamsini za jengo), mkato kabla ya ramani ya sakafu. Kisha aandike sentensi moja: jengo hili lilikuwa linatatua nini? Akishindwa kuiandika, bado hajalielewa, arudi kwenye mkato.

Majengo matatu yanatosha, mradi yawe na tatizo moja na majibu tofauti. Yote yakitoka kwa msanifu mmoja, mwanafunzi ataondoka na mtindo tu.

Hatua inayorukwa sana ni ya kufunika michoro hiyo na kubadili sharti moja. Bati lisipatikane je? Darasa liwe la ghorofa mbili, hewa ya chini itatokea wapi? Achore mikato sita midogo, dakika kumi kila mmoja, bila kufuta. Miwili ya mwanzo kwa kawaida hufanana na rejea, na si vibaya, ni kumbukumbu inajimwaga. Mwalimu asiichague hiyo, hata ikiwa imechorwa vizuri kuliko mingine.