Folda Zionekane Zinavyopaswa

Ninapoanza kutumia kompyuta mpya yenye Windows, jambo la kwanza ninalofanya ni kurekebisha mwonekano wa folda, kwa kuwa mpangilio unaokuja na mfumo huo huficha herufi za mwisho za majina ya faili, yaani zile zinazotambulisha aina ya faili, kama vile .docx au .exe. Kuzificha ni hatari: mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea kwa barua pepe kikiwa katika faili ambalo jina lake liliishia na .TXT.vbs, na aliyefichiwa herufi za mwisho aliona .TXT tu, akadhani ni maandishi ya kawaida. Zionyeshe.

Kisha huchagua mwonekano wa orodha yenye safu za tarehe, aina na ukubwa, isipokuwa kwenye folda za picha. Katika dirisha la chaguo za folda kipo kitufe cha kueneza mpangilio huo kwa folda nyingine; lakini huzigusa folda za aina moja na ile uliyoifungua tu, kwa sababu Windows huzigawa folda katika aina 5: za jumla, nyaraka, picha, muziki na video. Folda iliyowekwa katika aina isiyoifaa ibadilishwe kwanza kupitia sifa zake.