Wimbo Mzuri Sana (Ezekieli 33:30–33)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii mjadala mmoja umeninyima raha. Mwimbaji wa nyimbo za dunia ametoa albamu ya kumsifu Mungu, nasi watu wa maombi tumegawanyika. Wengine wanasema ameokoka, wengine wanasema anatafuta soko. Hoja juu ya moyo wake nimezisikia nyingi. Juu ya mioyo yetu sisi tunaoisikiliza, sikusikia neno.

Mjadala huu ni wa zamani. Januari 1972 Aretha Franklin, aliyekuwa tayari malkia wa soul, muziki wa dunia wa Wamarekani weusi, aliingia katika kanisa la New Temple Missionary Baptist huko Los Angeles akaimba usiku wa siku mbili mfululizo, Mchungaji James Cleveland akimwongoza na kwaya ikiitikia. Wapo waliomhesabu kuwa amekwisha kuliacha kanisa. Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, alisimama humo humo akasema binti yake hajawahi kuliacha. Albamu iliyozaliwa hapo, Amazing Grace, iliuza nakala zaidi ya milioni 2.

Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana kwa nyimbo za dunia, naye alitoa albamu ya imani, Slow Train Coming, mwaka 1979. Novemba ya mwaka huo, San Francisco, aliimba nyimbo za imani yake mpya tu, na baadhi ya mashabiki wakamzomea kwa kuwa walikuja kusikia zile za zamani.

Paulo alikwisha kusema katika Wafilipi 1 kwamba hata wengine wakihubiri kwa husuda, mradi Kristo anahubiriwa, yeye anafurahi. Sitakaa hapo. Neno lililonishika ni la Ezekieli.

Watu walimjia nabii, wakaketi mbele yake, wakapenda kumsikiliza. Midomo yao ilijaa upendo, lakini moyo ulifuata faida yao. Ndipo Mungu akamwambia Ezekieli kwamba kwao yeye amekuwa kama wimbo mzuri sana wa mtu mwenye sauti ya kupendeza, ajuaye kupiga kinanda: wanayasikia maneno yake, wala hawayatendi. Angalieni, ndugu zangu, aliyeshitakiwa hapo ni nani. Kosa halikuwa kwa mwenye sauti. Nabii alikuwa mkweli, ujumbe ulikuwa wa Mungu, na bado watu waliondoka na utamu wa sauti tu, mikono mitupu.

Mimi napigana na jambo hili hadi leo. Wimbo wa toba ukianza, machozi yangu hutoka upesi kuliko utii wangu. Moyo unapashwa moto, nahisi nimekwisha kuomba, na wimbo ukiisha magoti yangu hayajagusa sakafu. Namwambia Bwana kila asubuhi: usiniache nilie tu.

Na hapa nawasihi, na wanakwaya nawasihi zaidi. Tunaweza kuzijua beti zote na kuisifu sauti, kinanda na mitambo, halafu tukatoka kanisani na kinyongo kile kile tulichoingia nacho. Tunaurusha wimbo wa msamaha kwa kila mtu kwenye simu, na yule mmoja tusiyesemezana naye tunamruka. Kwa kinywa cha nabii Amosi Mungu alisema aondolewe kelele za nyimbo, na nyimbo hizo ziliimbwa ibadani na watu waliojiona wako sawa kabisa. Alichotaka ni hukumu ya haki itelemke kama maji. Tusidhani kwamba kwa kuwa albamu zetu ni za injili, neno hilo linatupita.

Basi leo jioni, kabla hujauweka tena ule wimbo unaoupenda, mpigie simu yule uliyemruka. Asipopokea, mwandikie. Na huyu mwimbaji mpya tumwombee kwa jina lake. Tumemjadili wiki nzima. Tumtaje na mbele za Mungu, aliyemwita na anayeweza kumtunza.